Kilwa Isisomwe Ubaoni Tu

Mwanafunzi wa shule zetu hufundishwa habari za Kilwa kwa chaki na ubao. Hukariri kwamba ulikuwa mji mkubwa wa biashara, kwamba msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na kwamba Wareno waliuvamia na kuupora mwaka 1505. Akishajibu mtihani, Kilwa kwake imekwisha. Mwalimu wake naye mara nyingi hakupata kuyaona magofu hayo kwa macho yake, wala hakuyaona afisa ambaye kila siku hupitisha mafaili yenye maneno "urithi wa taifa". Wakati huo huo, vijana kutoka nchi za mbali, wenye mashanta mgongoni, huvuka kwenda Kilwa Kisiwani, wakatazama, wakapiga picha, wakarudi kwao kusimulia.

Hatuna ugomvi na vijana hao. Mgeni anayesafiri mbali ili ajifunze anastahili heshima. Ugomvi wetu ni na uzembe wetu wenyewe. Watu wasiokwenda kutazama kazi ya mikono ya wahenga wao watasimuliwa kazi hiyo na wengine, na msimuliaji huvutia upande wake.

Historia inatupa ushahidi wa kutosha. Enzi ya ukoloni waandishi wengi walidai kwamba miji ya mawe ya pwani yetu ilikuwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo, na kwamba Mwafrika alikuwa mchukuzi tu wa mizigo. Huko Rhodesia, hata katika miaka ya 1970, utawala wa walowezi uliwabana wataalamu waliosema wazi kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika. Madai hayo hayakuwa makosa ya kitaaluma tu. Yalikuwa na kazi maalumu: kumwaminisha mtawaliwa kwamba hajapata kujenga kitu, na kwa hiyo hana haki ya kujitawala.

Lakini mapokeo ya Kilwa yenyewe yanasema nini? Yanasimulia kwamba mkuu wa Kishirazi aliyefika hapo alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Ama simulizi hilo ni tukio la kweli, ama ni hekaya, jambo moja linakiriwa ndani yake: kisiwa kilikuwa na mwenyewe. Ibn Battuta naye aliandika kwamba wengi wa wakazi aliowakuta walikuwa watu weusi wenye chale usoni. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusu mifupa kutoka miji kadhaa ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, umeonyesha damu ya Afrika na damu ya Asia, hasa ya Uajemi, zikiwa zimechanganyika tangu yapata miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo si kweli kwamba mji uliletwa na jahazi ukiwa tayari umejengwa. Wala si kweli kwamba hakuna mgeni aliyetia mkono. Ukweli huu ni mzito kuliko porojo za pande zote mbili.

Ukweli wa namna hii hushika zaidi mtu akisimama mbele ya mawe. Mwandishi wa makala haya alikwenda Kilwa na marafiki watatu, wawili kati yao walimu, kila mmoja na shanta lake. Tulipanda basi kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 300, kisha tukavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Katika Msikiti Mkuu, chini ya kuba na matao yake, mtu huona namna matumbawe yalivyochongwa na kushikanishwa kwa chokaa. Katika nyumba za mawe za pwani huelewa kwa nini vyumba ni vyembamba na virefu: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Hapana mchoro wa ubaoni unaoweza kulifundisha jambo hilo kwa wepesi huo.

Tukafika Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, likiitazama bahari iliyomletea dhahabu ya Sofala. Hapo mmoja wa walimu wale akauliza: "Ndugu zangu, maji ya birika hili yalikuwa yakichotwa na nani?"

Swali hilo lina thamani kuliko sifa zote zinazomiminwa juu ya magofu. Kujivunia Kilwa si kuwasujudia masultani wake. Sarafu yenye jina la Sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu. Jina la aliyechimba dhahabu, au la fundi aliyechonga mihrabu, halikuandikwa popote. Na zaidi ya miaka 400 baada ya jumba hilo kujengwa, yaani mwaka 1776, mtawala wa Kilwa aliafikiana na Mfaransa aitwaye Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi kuba za msikiti hana budi kuwaeleza na habari hii. Urithi ni pamoja na aibu yake.

Tukumbuke pia kwamba magofu hayatatungoja. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mvua, mizizi na mawimbi, na hayakutolewa humo hadi mwaka 2014, baada ya matengenezo. Bahari haijaacha kula ufuko.

Yuko atakayesema kwamba mshahara wa mwalimu hautoshi kwa utalii. Hoja hiyo ni ya haki, lakini inahusu hoteli, haihusu shanta. Watu wanne wakichangia nauli ya mashua, wakala samaki wa wavuvi wa pale pale, gharama hupungua, na fedha yao humfikia mwananchi anayeishi kati ya magofu hayo. Shule nazo ziipange safari ya namna hiyo kuwa sehemu ya somo la historia, na wakuu wa idara wasimwone mtumishi anayeomba likizo kwa ajili hiyo kuwa anatafuta anasa.

Likizo ijayo, basi, mwalimu na afisa watoke kwa makundi, wavuke, wakayatazame mawe hayo na kuyauliza maswali. Kisha warudi darasani na ofisini wakisema waliyoyaona wenyewe.