Usahaulifu wa Wazee Si Laana ya Upande wa Mama

Katika Kasese na Bwera, chini ya milima ya Rwenzori, mzee akianza kusahau, jamaa husema ni uzee tu. Lakini akipotea katika njia ya soko la Mpondwe aliyoipita tangu ujana wake, au akishindwa kumtambua mwanawe, maneno huanza. Huyu hunong'ona uchawi. Yule hudai kwamba maradhi yametoka katika ukoo wa mama. Yafaa ukweli ujulikane kabla ya mtu kusingiziwa.

Huenda maradhi hayo yakawa yale aliyoyaeleza daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Ubongo, ingawa ni mdogo, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili. Nguvu hizo hutolewa na vinu vidogo mno vilivyomo ndani ya chembe hai, viitwavyo mitokondria. Vinu hivyo vina DNA yao wenyewe, yenye jeni 37, ambayo mtoto huirithi kwa mama yake. Kadiri umri uendavyo, DNA hiyo huingia dosari, na vinu hulegea kama jiko lililojaa majivu. Ulegevu huo umeonekana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Wataalamu wangali wakijadili kama ndio chanzo cha maradhi au ni matokeo yake.

Basi mama asilaumiwe. Hakuna jeni ya mitokondria iliyothibitishwa kuwa peke yake huleta ugonjwa huu, na dosari nyingine hutokea katika maisha ya mgonjwa mwenyewe.

Lililo wajibu ni kumpeleka mzee hospitali mapema. Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya, lakini ugonjwa wa tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, na hata baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya namna hii, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara na uziwi. Hayo hayangoji uzee. Hushughulikiwa tangu utu uzima.

Nyumbani, mzee asigombezwe kwa kuuliza jambo lile lile mara kumi. Kila aingiaye na ataje jina lake, vyombo viwekwe mahali pale pale, wala mzee asiachwe peke yake karibu na moto. Na ndugu wapokezane zamu, mzigo usimwelemee binti mmoja.