Ukikata Siku, Kata na Kimo

Oktoba inapokaribia, wenzetu wanaosoma India huanza kutumiana ratiba. Likizo ya Diwali ni fupi, Kathmandu si mbali na Delhi kwa ndege, na ratiba inayopendwa kuliko zote inaahidi kambi ya msingi ya Everest, mita 5,364, kwa siku tano za kupanda na ya sita ya kurudi kwa helikopta. Naipinga ratiba hiyo, na nawapinga pia wanaoisifu kwa kuiita ratiba ya vijana.

Tuifanyie hesabu. Siku ya kwanza ndege inatua Lukla, karibu mita 2,850, na msafara unateremka kulala Phakding, 2,610. Siku ya pili unalala Namche, 3,440. Ya tatu Tengboche, 3,860. Ya nne Dingboche, 4,410. Ya tano unaingia kambini na kurudi kulala Gorak Shep, 5,164. Sasa chukua kanuni inayofundishwa na madaktari wa milimani: ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Ratiba hii inaruka mita 830 siku moja, 550 nyingine, 754 nyingine, na haina pumziko hata moja. Safari ya kawaida kwenye njia hiyo hiyo huchukua siku 12 hivi, mbili kati yake zikiwa za kukaa tu Namche na Dingboche. Hizo mbili ndizo muuza safari anazozikata kwanza, kwa sababu kwenye karatasi zinafanana na uvivu.

Kambini, oksijeni anayopata mtu kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili huzoea, lakini kwa mwendo wake wenyewe. Usipoupa siku, kichwa huuma, chakula hakipandi, usingizi hukimbia. Anayeendelea kupanda na dalili hizo anaweza kujaa maji mapafuni, au ubongo ukavimba akaanza kuyumba kama mlevi. Hapo tiba ni kuteremka saa ile ile, na akichelewa anaweza kufa kabla ya kesho.

Najua jibu litakalokuja, maana huku kwetu Rwanda halikosi: sisi ni watu wa milima elfu, na Karisimbi, mita 4,507, tunaipanda kwa siku mbili. Ni kweli. Lakini Karisimbi mtu hulala mara moja tu, karibu mita 3,700, kesho yake hugusa kilele na jioni yuko bondeni. Ugonjwa wa kimo huhitaji saa kadhaa kujitokeza, na mara nyingi huja usiku. Kufikia hapo mpandaji wetu yuko kwao anaoga. Gorak Shep hakuna bonde la kukimbilia jioni. Kigali yenyewe ina mita 1,500 na ushei tu, na aliyekaa Delhi miaka mitatu amekwisha kuwa mtu wa tambarare. Misuli nayo si kinga: mwenye mbio humfikisha mwili wake juu kabla haujawa tayari. Vidonge vya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea, ila havijazi siku zilizokatwa. Na helikopta haipai ndani ya ukungu.

Linaloniudhi zaidi ni jambo ambalo katika ratiba hizi halitajwi kabisa: mpagazi. Wengi hudhani kila abebaye mzigo Nepal ni Sherpa aliyezaliwa kwenye baridi. Sivyo. Wapagazi wengi hutoka vijiji vya chini, na kimo huwapata kama kinavyompata mgeni, tena wakiwa na kilo 30 mgongoni. Mgeni akiugua ana bima. Mpagazi akiugua ana hofu ya kukosa ujira, hivyo hunyamaza. Sisi tungepaswa kulijua hili bila kuambiwa. Enzi za Wajerumani, wapagazi 20 wa msafara wa mwanajiolojia Kirschstein walikufa kwa baridi katika dhoruba moja, hapo hapo Karisimbi tunapojisifia.

Je, wenye siku chache wabaki bwenini? Hasha. Wapunguze kimo. Mwenye siku nne au tano aende Poon Hill, mita 3,210, aone mwanga wa alfajiri ukiangaza Dhaulagiri, ambayo ina mita 8,167 na haihitaji kukanyagwa ili ipendeze. Mwenye siku nane aende Langtang kwa gari hadi Syabrubesi, alale usiku wa kwanza wa njiani kwenye mita 2,400 hivi, wa pili Ghoda Tabela karibu na 3,000, kisha kijiji cha Langtang, 3,430, kilichofukiwa na maporomoko ya tetemeko la 2015 na kujengwa upya. Kutoka hapo ni Kyanjin Gompa, 3,870. Alale huko mara mbili. Mchana wa katikati, kichwa kikiwa chepesi, apande Kyanjin Ri, 4,773, na kurudi kitanda kile kile. Kabla ya kutoka amuulize mpagazi amelalaje, na asubiri jibu. Siku mbili za mwisho ni za kuteremka na za gari, kama barabara haijakatwa na udongo.