Zulia Nene Mlangoni

Msomaji wangu, kuna jambo limenikaa rohoni kwa muda mrefu, na kwa kuwa nimekwishastaafu ualimu wala simwogopi tena mkaguzi, nitalisema waziwazi. Sisi watu wa pwani hii, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, na kupanda mpaka Saadani, tumeingiwa na ugonjwa wa kutandika mazulia manene kwenye mlango wa mbele. Nauita ugonjwa kwa sababu hautokani na haja yoyote. Bagamoyo hakuna baridi ya kuzuia kwa manyoya. Kuna mchanga, kuna chumvi ya bahari hewani, kuna unyevu, na kuna mvua za masika na za vuli. Kila kimoja katika hivyo ni adui wa zulia nene, na bado tunalinunua.

Najua watakaosema: Mwalimu amezeeka, amekosa la kuandika, sasa anagombana na mazulia. Nawasikia. Lakini mimi sigombani na kitu nisichokijua. Zulia hilo nililinunua mwenyewe, kwa fedha yangu, pale Kariakoo. Gharama yake inalipwa hadi leo, na anayeilipa si mimi.

Nilipostaafu niliikarabati nyumba ya marehemu baba. Mlango wake ni wa mninga, wa mbao mbili, unafungukia ndani kama ilivyo milango yetu mingi ya zamani. Wiki ile ile dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, aliniletea mkeka mdogo wa ukindu aliousuka mwenyewe kwa ajili ya hapo mlangoni. Nilimshukuru, nikauviringisha, nikautia stoo. Nilijiambia kwamba mwalimu mkuu mstaafu, ambaye baadhi ya wanafunzi wake ni wakubwa serikalini, hawezi kuwapokea wageni kwa mkeka. Nikaleta zulia jekundu, lenye manyoya ya kuzamisha kidole.

Mlango ukafunguka nusu, ukanasa. Mtu mwenye akili angeliondoa zulia. Mimi nilimwita seremala, akaung'oa mlango na kuuranda upande wa chini. Mninga uliokomaa kabla sijazaliwa ukapunguzwa ili zulia la juzi lipate nafasi! Mlango uliporudishwa, ukabaki mwanya. Masika yalipofika maji yakapita katika mwanya ule, na zulia likayanywa. Ukiligusa juu ni kavu, ukilikanyaga linatoa maji. Likafanya ukungu, likanuka, na pembe zake zikajikunja. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika. Dada alipiga hodi, nami nikamwitikia karibu bila hata kuinuka kitini. Kidole cha mguu kikanasa kwenye pembe iliyojikunja. Akaanguka, akavunjika nyonga.

Asiyejua kazi ya ususi huenda asielewe uzito wa jambo hili. Anayesuka hukaa chini, miguu ameinyoosha mbele, na ukili unateremka mapajani kadiri unavyorefuka. Dada hawezi tena kukaa hivyo. Anatembea kwa mkongojo, anakaa kitini, anacheka na watu, lakini hasuki. Mikono yake ni mizima, na ilisuka kwa zaidi ya miaka sitini, lakini imestaafishwa na zulia langu. Hajanilaumu hata siku moja. Aliniambia tu: "Mdogo wangu, ungeutandika ule mkeka."

Kwa hiyo nina haki ya kusema, na hoja zangu ni tatu.

Kwanza, tuitazame kazi yenyewe. Kitu cha mlangoni kinatakiwa kupokea mchanga wa miguu na kuutoa nje. Mkeka mwembamba unaukamata kwa pembe mbili, unaukung'uta uani, unauanika juu ya kibaraza, na kabla ya adhuhuri umekauka. Zulia nene huumeza mchanga hadi kwenye shina la manyoya, na huko chini mchanga hufanya kazi ya msasa: kila anayepita anausaga, na nyuzi zinakatika. Ukilifua, halikauki kwa siku mbili za jua kali. Wakati wa mvua ndiyo usiseme. Kitu kisichoweza kukauka hakifai kuwekwa mahali panapoingia maji.

Pili, ni suala la heshima. Mgeni wa pwani hupiga hodi, huitikiwa, huvua viatu, huingia. Mlango unamwambia: pita, hapa ni kwako. Zulia nene linamuuliza: je, miguu yako ni safi? Mimi nililiona hili nyumbani kwangu. Jirani yangu mvuvi, aliyekuwa akiingia kila siku kunijulia hali, alianza kubaki nje kwenye baraza na kunisalimia kupitia dirishani. Nilipomuuliza akasema, "Aa, Mwalimu, mimi nina mchanga, nitakuharibia." Mtu tuliyecheza naye utotoni ananiogopea zulia! Wazee wetu husimulia kwamba jina la mji huu linatokana na bwaga moyo, kwa sababu hapa ndipo wapagazi wa misafara ya bara walipoitua mizigo yao ya pembe za ndovu. Kama ndivyo, basi mji wenye jina hilo hauna ruhusa ya kuwa na milango ambayo mtu anaogopa kuikanyaga.

Tatu, ni suala la jasho la watu. Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea, ile ya mwaka 1967. Chuoni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua kazi ya mikono ni nusu mwalimu. Ukindu hukatwa porini, huanikwa mpaka ugeuke mweupe, huchanwa kwa upana ulio sawa, na unaotakiwa uwe na rangi huchemshwa na rangi. Kisha husukwa ukili, mkanda mwembamba wa mita nyingi, na ukili huo hushonwa mzunguko kwa mzunguko hadi ukawa mkeka. Hizo ni siku nyingi za kazi. Halafu tunamwendea mama wa Kaole au Mlingotini, tunashindana naye bei kama tunanunua fungu la mchicha, na kesho yake tunapanda daladala kwenda mjini kulipa bila ubishi bei ya zulia lililotoka Uturuki au China. Mtu wa namna hiyo, na mimi nilikuwa mmojawapo, asilalamike kwamba vijana hawataki kujifunza ususi. Atakayewafundisha ni nani, na watauza kwa nani?

Sasa nikiri yaliyo ya kweli upande wa pili. Mkeka juu ya sakafu ya marumaru huteleza, na mkeka unaoteleza ni hatari sawa na pembe ya zulia. Dawa yake ni rahisi: kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, uvishone chini kwenye pembe nne. Ni kweli pia kwamba ukindu huchakaa. Naam, huchakaa, kitu kinachokanyagwa kila siku lazima kichakae, na kikichakaa msusi anapata kazi. Wala simlaumu mama mwenye kipato kidogo anayenunua mkeka wa plastiki. Angalau ni mwembamba, unafulika, na haumwangushi mtu. Lawama yangu ni kwetu sisi tulio na uwezo wa kuchagua, tukachagua kujionyesha.

Atakayeniuliza atandike nini, nitamjibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani. Nje ya kizingiti weka kifuta miguu cha usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani kwa miezi mingi kisha yakapondwa. Hicho ndicho cha kusugua matope. Ndani tandika mkeka mwembamba, usiozidi upana wa mlango. Kipimo cha unene ni hiki: chukua gazeti, likunje, liingize chini ya mlango uliofunguliwa, ongeza kunjo mpaka lianze kukwama. Kitu chochote kinene kuliko gazeti hilo hakina haki ya kuwa hapo. Kisichofaa ni zulia, kamwe si mlango.

Ule mkeka wa dada niliutoa stoo. Sasa uko mlangoni, na umeanza kunyofoka upande wanaokanyaga watu. Wanangu walipokuja likizo walisema niutundike ukutani kama wanavyofanya kwenye mahoteli, kwa sababu ndio wa mwisho aliousuka shangazi yao. Nilimpelekea shauri hilo mwenyewe. Akaniuliza, "Ukutani kuna nani atakayeukanyaga?" Basi tumeuacha chini. Mvuvi wangu anaingia na mchanga wake, na dada naye anaingia, polepole, akitanguliza mkongojo.

Chini ya mlango seremala amepigilia kipande kipya cha mninga kuziba ule mwanya. Rangi yake haikufanana na ya mlango, na kila mgeni huuliza kulitokea nini. Ningeweza kupaka vanishi nikaficha. Sikupaka. Huwa nawaeleza kama nilivyokueleza wewe, kisha nawaambia waende makwao na gazeti wakapime.