Minova: Godoro si mshahara, mapatroni wa hoteli waambiwe

Jua likizama, wavuvi wa sambaza wanaingia ziwani na taa zao. Ndipo kazi ya usiku inaanza katika hoteli ndogo za Minova. Patroni anahesabu makuta ya siku, anafunga mfuko, anaenda kulala kwake. Nyuma anaacha mabati yanayovuja, milango isiyo na kitasa, jenereta inayokohoa na kuzimika, na mtu mmoja: sentineli.

Jina hilo linadanganya, maana hachungi mlango tu. Anapokea wageni, anawaandika kwenye daftari, anachota maji kwa bidoni, anafua mashuka, anaamsha wanaowahi boti ya Goma. Na wageni ni wa kila namna. Yuko mchuuzi anayetaka mbuzi wake alale naye chumbani. Yuko mchungaji anayekemea mashetani mpaka saa tisa za usiku, na mlevi anayesahau chumba chake na kugonga milango yote. Yuko bwana anayejiandikisha kila mara kwa jina jipya. Mwenzake wa zamu naye anabembeleza jenereta kama ng'ombe mkaidi. Watu wanacheka hadithi hizo kwenye soko. Kicheko hicho kinafunika jambo moja: mara nyingi mtu huyo halipwi.

Wengi wanaokubali kazi ya namna hii ni wahami wa vita, watu waliotoka Masisi na Sake bila kitu mkononi. Patroni anajua hali yao, na ana jibu tayari: "Ninamsaidia. Analala bure, anakula bure." Lakini mtu anayekesha usiku kucha analala saa ngapi? Godoro ambalo mlinzi akilala juu yake anafukuzwa, huo ni msaada gani? Na sahani ya bugali na sombe haiwezi kulipa shule ya watoto wala dawa ya mama yao.

Sheria iko wazi. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka saa 45 za kazi kwa juma. Anayeingia saa kumi na mbili za jioni na kutoka saa kumi na mbili za asubuhi, usiku saba, amefanya saa 84. Na patroni asijifiche nyuma ya maneno "hatukuandikiana". Sheria hiyo hiyo inasema mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine, na mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia zote za haki.

Mapatroni watasema biashara imekufa. Ni kweli hali ni ngumu. Mwaka 2024 vita ilikata barabara ya Sake, watu wakabaki na njia ya ziwa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, na familia nyingi bado zinalia. Januari 2025 vita ikaingia Minova yenyewe. Lakini hakuna hoteli inayompa mgeni chumba bure kwa sababu ya vita. Mbona vita iwe sababu kwa mfanyakazi peke yake? Asiyeweza kulipa watu wanne, aajiri wawili na awalipe.

Tena usiku wa Minova si usiku wa kuchezea. Novemba 2012, askari wa serikali waliokimbia Goma walifika hapa, wakapora nyumba na kubaka wanawake. Kesi ilipoamuliwa Goma, Mei 2014, kati ya washitakiwa 39 ni wawili tu waliohukumiwa kwa ubakaji. Mji unaojua hayo unajua pia ni nani anayesimama wa kwanza mlango ukigongwa usiku. Anasimama na fimbo na tochi, na akipigwa, hakuna anayelipa dawa yake.

Wafanyakazi hao waweke daftari yao wenyewe: tarehe, saa za kuingia na kutoka, walichopewa, na majina ya mashahidi. Kamati za wahami, makanisa na shirika la raia wakae na mapatroni, mshahara utajwe kwa franka na kwa tarehe, mbele ya watu.

Mapatroni wanapenda methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa. Mhami amelipokea jembe, na analima kila usiku. Aliyelima ana haki ya mavuno.