UKURASA WA WAZAZI: Chakula kinapomkataa mtoto

 

Mwezi huu tutazungumzia jambo ambalo sisi walimu wa kujitolea wa chekechea tunaulizwa karibu kila wiki. Mama anamleta mtoto, anatuvuta pembeni na kusema: "Mwalimu, huyu mutoto akikulaka maharagi, tumbo inamuuma usiku yote." Mwingine anasema maziwa, mwingine dagaa, mwingine uji wa mgawo. Sisi siyo waganga. Ila tumekaa na wahudumu wa afya, tumeuliza na kusoma, na hapa tunawaeleza tulichojifunza.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu hapa kambini hatuchagui sana chakula. Tukiambiwa mtoto asile hiki, mara nyingi hakuna kingine cha kumpa. Tumeona mtoto ambaye alitolewa maharage, wiki iliyofuata akatolewa dagaa, halafu maziwa, mpaka akabaki na uji mweupe tu. Mama yake alifanya hivyo kwa upendo, siyo kwa ubaya. Lakini alipopimwa mkono kwa ule utepe wa rangi alikutwa kwenye manjano. Kumbe tatizo lake lilikuwa minyoo.

KWANZA TUTENGANISHE MAMBO MAWILI

Kuna mzio, ambao wengi tunauita aleji. Hapa mwili wa mtoto unapigana na chakula kama vile unapigana na adui. Hata kidogo kinatosha. Dalili huja haraka, dakika chache mpaka saa mbili hivi baada ya kula: vipele vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa. Mtoto akivimba ulimi au koo, akipumua kwa shida, au akilegea, usingoje asubuhi na usitafute dawa ya majani. Mbebe ukimbie kituo cha afya, hata kama ni usiku. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni karanga, mayai, maziwa ya ng'ombe, samaki, soya na ngano.

Jambo la pili ni tumbo kushindwa kumeng'enya chakula fulani. Hili haliui ghafla. Mtoto anajaa gesi, anaumwa tumbo, anaharisha, na mara nyingi inategemea kiasi: akila kidogo hana shida, akila kingi analia. Mfano mkubwa ni sukari iliyo ndani ya maziwa. Mtoto mchanga ana uwezo wa kuimeng'enya, lakini uwezo huo hupungua kwa watu wengi wanapokua, hasa kwetu Afrika. Ndiyo maana baba anaweza kukataliwa na maziwa freshi lakini yale ya mgando akayanywa bila shida, sababu yakiganda sukari hiyo inapungua.

Tena kuna hili ambalo wengi hatulijui: mtoto akiharisha sana, tumbo lake linaweza kushindwa maziwa ya ng'ombe kwa muda tu, siku kadhaa au wiki chache, halafu linarudi sawa. Kwa hiyo usiseme "huyu maziwa hapana, maisha yake yote."

ZIWA LA MAMA HALINA LAWAMA

Wazazi, tunaomba hapa mtusikilize vizuri. Mtoto akiharisha, watu husema ziwa la mama limeharibika, au mama amembemenda mtoto. Wanamwachisha ziwa. Hapana. Maziwa ya mama ndiyo chakula na ndiyo maji ya mtoto anayeharisha. Mpe ziwa peke yake mpaka miezi 6, kisha endelea nalo pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Na wale wanaosema ni "meno ya nailoni", kwamba yang'olewe ndipo kuhara kuishe, msiwasikilize. Hayo ni meno ya mtoto ambayo hayajatoka bado. Kuyang'oa kunaleta damu na vidonda, na kuhara kunabaki palepale.

KABLA YA KULAUMU CHAKULA, TUANGALIE CHUNGU

Mara nyingi chakula chenyewe siyo kibaya, ila hakikuiva. Tunajua sababu: kuni ni shida. Lakini maharage yasiyoiva vizuri, hasa yale mekundu, yana kitu kinachotapisha na kuharisha hata mtu mzima. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kisha endelea mpaka yawe laini kabisa. Yakilowekwa yanakula kuni chache pia. Kwa mtoto mdogo, yaponde na mwanzie vijiko viwili vitatu.

Muhogo nao ni hivyohivyo. Muhogo mchungu usioloweshwa siku za kutosha na kukaushwa unabaki na sumu. Mtoto anatapika, kichwa kinazunguka. Kwetu Kongo, hasa upande wa Bandundu, muhogo wa namna hiyo umelemaza miguu ya watu wengi, na ugonjwa huo unaitwa konzo. Hapo siyo mtoto anayekataliwa na muhogo. Mama zetu walijua kazi ya kulowesha, tusiikate njia kwa sababu ya haraka.

Angalia pia uji uliolala, maji ya dumu lisiloogeshwa, mikono, minyoo na malaria. Hivyo ndivyo vinavyoharisha watoto wengi zaidi kuliko aleji. Kama mtoto anaharisha, mpe maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi. Pakiti hakuna? Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kituoni omba vidonge vya zinki, vinatolewa siku 10 mpaka 14. Akiona damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, twende kituoni siku hiyohiyo.

NGANO: HADITHI YA WAKIMBIZI WENZETU

Kuna ugonjwa unaoitwa siliaki, ambapo gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano, kinaharibu utumbo wa mtu aliyezaliwa na udhaifu huo. Mtoto anajaa tumbo, anaharisha muda mrefu, hakui. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano. Wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulikosekana kule, na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu. Ngano iliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika utafiti wake.

Wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko makambi ya Tindouf, nchi ya Algeria, wanategemea sana unga wa ngano. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulikuta watoto zaidi ya 5 katika kila 100 wa Wasaharawi wana ugonjwa huo. Kwa hiyo mkimbizi anayesema "chakula cha msaada kinamsumbua mtoto wangu" asichekwe. Inawezekana ni kweli. Ila kwetu sisi, tujue kwamba mahindi, mchele, mtama na muhogo havina gluteni. Bugali haina kosa hapo. Wa kuangaliwa ni mandazi, chapati na mkate.

NJIA YA KUJARIBU NYUMBANI

Njia hii ni ya tumbo tu. Kama mtoto aliwahi kuvimba au kushindwa kupumua, usijaribu chochote nyumbani.

1. Chukua daftari. Andika siku 7: amekula nini, saa ngapi, amefanyaje. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wako wa shule akuandikie, au njoo kwetu.
2. Kama chakula kimoja kinajirudia, mwonyeshe mhudumu wa afya lile daftari kwanza. Apimwe minyoo na uzito.
3. Ondoa chakula kimoja tu, wiki mbili basi. Siyo viwili, siyo vitatu.
4. Weka kingine mahali pake. Ukitoa maziwa ya ng'ombe, weka dagaa waliosagwa na mifupa yao, na lengalenga. Ukitoa dagaa, weka maharage au yai. Ukitoa maharage, weka dagaa au karanga iliyosagwa. Sombe na mafuta kidogo viwepo.
5. Baada ya wiki mbili rudisha kile chakula kidogo kidogo. Kama shida hairudi, chakula hakikuwa na kosa. Kama inarudi, rudi kwa mhudumu.

Kama huna cha kuweka badala yake, zungumza na jirani: kikombe cha maharage yako kwa kikombe cha dagaa wake. Na mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 upimwe kila mwezi: chini ya sentimita 12.5 ni manjano, chini ya 11.5 ni nyekundu. Akipewa unga wa lishe au chakula cha pakiti, mwambie anayempa kama mtoto ana shida na karanga, soya au maziwa, maana pakiti nyingi zina karanga na maziwa ndani.

TUSISEME SUMU

La mwisho, nalo ni zito. Mtoto mmoja wa darasa letu alikula karanga kwa jirani, akavimba uso na vipele vikamjaa. Kabla jua halijazama, kijiji kizima kilikuwa kinasema amepewa sumu. Yule mama jirani alilala ndani siku tatu akiogopa kupigwa. Kituoni walieleza ni mzio wa karanga. Familia zile mbili sasa wanasalimiana, lakini ingeweza kuisha vibaya sana.

Kwa hiyo, wazazi: mtoto wako akiwa na chakula kinachomkataa, waambie majirani, waambie wenzake wanaocheza naye, na sisi walimu tuambieni. Siyo aibu. Hapa watoto wanakula kwenye sahani za watu wengi, na sahani zote zinatakiwa kujua.

Mwezi ujao tutaongea juu ya watoto wanaokojoa kitandani. Mwenye swali alete kwa walimu wa chekechea kila Jumatano mchana, daftari mkononi. Mubaki na amani.

Walimu wenu wa kujitolea