Mpira wa mkojo usikuzuie kwenda shamba

Mtu akianguka mwembeni akaumia uti wa mgongo, kibofu chake huweza kushindwa kutoa mkojo. Watoto wanaozaliwa na mgongo wazi nao hupata shida hiyo. Mkojo ukikaa sana kibofuni huleta vijidudu, na figo huharibika.

Njia ipo. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi, kisha akauondoa. Hufanya hivyo mara nne hadi sita kwa siku. Kwanza afundishwe hospitali.

Hapa Ifakara tunalima mpunga, na wengi huhamia mashambani. Je, mwenye mpira abaki nyumbani? Mimi nasema hapana. Achukue sabuni, maji safi, na mpira wake ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Anawe mikono, ajisafishe, atoe mkojo, arudi kwenye jembe. Asiache kunywa maji. Akipata homa, au mkojo ukiwa na damu, aende kituo cha afya upesi.

Nasi wenzake tuna kazi. Tuchimbe choo chenye mlango, shambani na shuleni. Tusimcheke, wala tusimwulize kila mara anakwenda wapi. Mwenye aibu huchelewa kujitoa mkojo, na kuchelewa ndiko kunakoharibu figo. Mgonjwa akifanya lake na sisi tukifanya letu, atalima na kuvuna kama wengine.