Kikao cha Jumamosi hakuna chipsi



Miezi kadhaa iliyopita baada ya kikao cha kata tulikula kama kawaida yetu: chipsi mayai saa nne usiku, mishikaki, soda. Katibu wetu hakuwepo. Alikuwa wodini, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Ana miaka 39, mwembamba, pombe hagusi. Walipompima wakakuta presha iko juu na lehemu, hii tunayoiita kolestro, iko juu vilevile. Hajawahi kupima hata kimoja.

Nikaogopa jamani. Nikaenda zahanati ya mtaani. Presha nilipimwa hapo hapo. Lehemu? Nikaambiwa kipimo hicho hawana, niende maabara ya kulipia. Nikaenda, nikatoa hela ya kula wiki nzima. Jumla ikasoma 6.1, wakati inatakiwa iwe chini ya 5. Nina miaka 29 na sikuwa naumwa popote! Ndiyo ubaya wake: lehemu haiumi. Inajijenga kimya kimya kwenye kuta za mishipa, mpaka siku damu inaganda hapo na moyo au ubongo unakosa damu.

Nimebadilisha chakula. Mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, nimeyaacha; napikia alizeti, tena kidogo. Maharage, mchicha na ugali wa dona kwa wingi, nyama mara moja kwa wiki (kitimoto sijaapa kuacha, msinisute). Baada ya miezi mitatu nikapima tena: 5.4. Bado, ila inashuka.

Sasa asitokee mtu akaniambia hili ni suala la nidhamu ya mlaji tu. Mimi niko mjini na nilipata pa kukopa hela ya kipimo. Mkulima wa Nkasi je? Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inazibua mishipa, na tuipongeze. Lakini kuzibua ni gharama kuliko kupima mapema. Statini, dawa za kushusha lehemu, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Bunge letu likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi bima hiyo ilipie kipimo cha lehemu, na kipimo kiwepo kituo cha afya cha kata. Hilo ndilo swali la kumbana nalo diwani wako, siyo barabara peke yake.

Jumamosi naleta mashine ya presha ya kuazima. Kila mtu atapimwa kabla ya ajenda ya kwanza. Chakula ni dona na maharage. Mwenye chipsi zake akale nje.